Tela Kivulini, Sola Juani

Ukitafuta mtandaoni namna ya kuweka umeme wa jua kwenye tela la kulalia, karibu kila video itakupandisha juu ya paa. Jamaa kashika drili, katoboa bati, kapaka silikoni, paneli imelala pale juu na kazi imekwisha. Mie naishi Pemba, na tela langu kazi yake kubwa ni kulala shambani msimu wa karafuu. Kwetu shauri la paani halifai, na sababu yake anaijua hata mtoto wa skuli: saa saba mchana hakuna mwenye akili timamu atakayeegesha chumba cha bati juani halafu aingie ndani alale. Tela litawekwa chini ya mwembe. Na sola iliyo chini ya mwembe ni pambo.

Watu wengi hudhani kivuli kinapunguza kidogo tu, kwamba jani likifunika sehemu ndogo ya paneli basi utapoteza sehemu ndogo hiyo hiyo. Sivyo. Paneli ndogo ya kawaida ina vipande 36 vilivyoungwa kimoja nyuma ya chenziwe, na umeme wote hupita kwenye kila kipande. Kimoja kikiwa gizani kinawabana wote. Mafundi wa viwandani waliliona hilo zamani, ndiyo maana nyuma ya paneli kuna kidude kidogo cheusi chenye dayodi mbili, kila moja inahudumia nusu ya vipande ili nusu yenye kivuli irukwe. Lakini ukiruka nusu ya paneli ya volti 18, kilichobaki ni volti 9, na betri ya volti 12 haichajiwi na volti 9. Tawi moja la mwembe, lenye majani ya kutosha kufunika kiganja, linaweza kukuacha bila kitu mchana kutwa huku ukiangalia jua linawaka kila mahali.

Kwa hiyo tangu mwanzo nilimwambia fundi wa kuchomea asinitengenezee chochote juu ya paa. Tela lenyewe ni dogo, urefu mita tatu, fremu ya skwea paipu, ekseli ya gari iliyokwisha umri wake, plaiwudi kwa ndani. Ndani mna kitanda, kabati, meza ya kukunja. Nje, upande wa mlango, mna turubai la kivuli, na hapo ndipo maisha yenyewe yanapopita. Ami yangu alipoliona alicheka sana. Kwake yeye kambi ya karafuu ni banda la makuti, taa ya chemni na mkeka. "Sasa mwanangu, umeme wa Tanga haukutoshi, unataka na wa kwako?"

Alikuwa anasema kweli kwa namna yake. Tangu 2010 Pemba inapata umeme wa gridi kwa kebo iliyopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kizima kilikuwa kikitegemea majenereta ya dizeli. Unguja waliopata kebo yao mapema zaidi nao walionja giza la miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ilipoharibika. Nadhani ndiyo sababu mtu wa Zanzibar ukimwambia umeme wa akiba, akili yake huenda moja kwa moja kwenye jenereta. Shambani kwetu, upande wa Mgagadu, nguzo zinapita barabarani na bonde letu liko chini huko, mbali na barabara. Jenereta lipo kwa jirani. Likiwaka usiku, hata bundi wanahama.

Nilianza na karatasi kabla ya kwenda dukani, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapopotea: wananunua kwanza, wanahesabu baadaye. Hesabu ni ya kuzidisha tu. Taa nne za wati 5, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 100. Feni mbili za volti 12, kila moja wati 15, usiku wa saa tisa, ni 270. Simu sita, kila moja nazipigia wati-saa 15, ni 90. Redio 40. Halafu friji. Friji dogo la kompresa la volti 12 likiwaka linakula wati 45 hivi, na kwa joto letu huwaka kama nusu ya siku, basi ni 540. Jumla 1,040. Angalia vizuri: friji peke yake ni zaidi ya nusu ya mzigo wote. Ukiondoa friji, mfumo mzima unakuwa nusu ya bei na nusu ya uzito, na mtu anayelala shambani siku mbili tatu simshauri kabisa abebe friji. Sisi tunakaa majuma, tuna mtoto mwenye dawa za kuwekwa baridini, na kuna samaki. Tukalibeba.

Pasi haimo kwenye hesabu. Pasi ni wati 1,000 na zaidi, birika la umeme ni zaidi ya hapo, na mtu akikuambia atachemsha maji na kupiga pasi kwa betri moja ya tela, mwulize kama amewahi kufanya. Chai tunachemshia makumbi. Kanzu ya Ijumaa inapigwa pasi mjini, inakuja imetundikwa.

Kwenye betri nilikuwa na njia mbili. Ya asidi na risasi, ile tuliyoizoea, bei yake ya mwanzo ni ndogo, lakini ukitaka idumu usiitoe zaidi ya nusu. Wati-saa 1,040 kwa volti 12 ni karibu ampea-saa 87. Ukitaka hizo ziwe nusu tu, unahitaji betri ya ampea-saa 200 kwa kukadiria, nayo ni kilo hamsini na kitu. Kilo hizo kwenye tela dogo linalovutwa na gari ndogo kwenye vilima vya Pemba zinajulikana. Tena betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, kwa hiyo haiwezi kukaa chini ya kitanda mnacholalia. Lazima iwe na sanduku lake lenye kipumulio cha kwenda nje.

Nilichukua ya lithiamu, ile ya aina ya chuma na fosfati inayoandikwa LiFePO4. Madini haya ya kuhifadhi umeme yalitangazwa 1997 na kundi la John Goodenough kule Texas, mzee aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya kemia 2019 pamoja na wenziwe wawili akiwa na miaka 97. Sifa yake kwetu ni kwamba ni tulivu kuliko lithiamu ya kwenye simu, si rahisi kushika moto, na unaweza kuitumia asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, mara elfu mbili na zaidi. Betri moja ya volti 12.8, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,280. Kwa mzigo wetu inatosha usiku na mchana bila kubaki sana. Uzito wake kilo kumi na moja au kumi na mbili.

Na hapo kwenye uzito ndipo ninapotaka nikae kidogo, maana sokoni zimejaa betri zenye maandishi makubwa na tumbo tupu. Lebo inasema 100, ndani mna 40. Pemba kila mwenye shamba anajua mizani. Ipandishe betri kwenye mizani ya karafuu. Ya LiFePO4 ya ampea-saa 100 ikisoma kilo sita, irudishe dukani, usisikilize hadithi. Ya asidi ya ampea-saa 100 nayo iwe karibu kilo 28 hadi 30. Kipimo cha pili, cha ile ya lithiamu, kinataka subira: ichaji ijae, uiwashie balbu ya volti 12 ya wati 60, uangalie saa. Ikiwa kweli ni 100, itawaka kama saa ishirini na moja. Paneli nayo inapimwa. Adhuhuri, mbingu ikiwa safi, ielekeze juani, chukua mita iliyowekwa kwenye ampea, unganisha nyaya mbili za paneli kwa kupitia mita hiyo. Namba iwe karibu na ile iliyoandikwa nyuma pembeni mwa herufi Isc. Hakikisha mita yako inabeba ampea 10, na paneli haizidi hapo, usije ukaichoma.

Paneli nilihesabu hivi. Jua letu kwa siku ya kawaida lina thamani ya saa nne na nusu za jua kamili. Saa nyingine zote za asubuhi, jioni na mawingu zimeshajumlishwa humo. Kisha kuna vinavyopotea njiani, joto, waya, vumbi, nazipa robo nzima. Wati-saa 1,040 zikigawiwa hivyo zinataka paneli za wati 308. Nikachukua mbili za wati 160, kila moja kilo kumi na moja hivi, mtu mmoja anabeba moja kwapani na nyingine kwapani akijisikia kijana.

Zinakaa wapi? Uwanjani, pembeni ya majamvi ya karafuu. Hili ndilo jambo ninalojivunia. Karafuu na sola zinataka kitu kimoja: jua kutoka asubuhi mpaka alasiri, mahali pasipo mti. Uwanja wa kuanikia tayari umeshachaguliwa na babu zetu kwa sababu hiyo, na tayari una mlinzi. Kuna mtu anayefukuza kuku, anayegeuza karafuu, anayeangalia wingu la upande wa bahari ili apige kelele watu waje kuanua. Kwetu ni shangazi yangu. Nilimwomba kila anapogeuza karafuu anigeuzie na stendi za sola: asubuhi zitazame mashariki, adhuhuri juu, alasiri magharibi. Akaniuliza, "Na hii nayo inaungua upande mmoja kama karafuu?" Haiungui, lakini kule kugeuza tu kunaongeza moja ya tano ya umeme au zaidi, bila senti moja. Magharibi inapokaribia, majamvi yanaanuliwa, sola zinaanuliwa, zote zinaingia ndani, na mwizi wa usiku hakuti kitu.

Kuna na joto. Paneli ikilazwa juu ya bati haipati hewa chini yake, vipande vyake hufika nyuzi joto 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 hula kama asilimia 0.35 hadi 0.4 ya nguvu. Hiyo ni asilimia 12 mpaka 14 imekwenda. Kwenye stendi, Kusi inapita chini yake bure. Kusi hiyo hiyo, lakini, ikishika paneli ya mita moja ya mraba inaibeba, kwa hiyo kila stendi ina kamba mbili na vigingi. Usidharau vigingi.

Tena kuna suala la mwelekeo, ambalo video za Ulaya na Marekani zitakupoteza kabisa. Wao husema elekeza kusini, inua nyuzi 35 au 40. Wako sawa, kwao. Pemba iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Julai mwishoni, wakati karafuu zimepamba moto, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, upande wa Ngezi na Kigomasha, nyuzi kama 24 kutoka utosini. Mtu akifuata video ile na kuelekeza kusini kwa nyuzi 40, paneli yake inakaa nyuzi 64 mbali na jua. Zaidi ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja wa adhuhuri unaipita. Mwanzoni mwa Oktoba jua linapita utosini kabisa, kivuli chako kinakuwa chini ya miguu yako. Disemba limehamia kusini. Ukiwa na mtu wa kugeuza, hesabu hii haikusumbui. Ukiwa huna, ilaze karibu tambarare, nyuzi kumi tu, ili mvua iweze kuteremka na uchafu. Basi.

Kikwazo cha kuweka sola mbali na tela ni waya, na hapa ndipo mafundi wengi wa mitaani wanapoteleza. Kutoka uwanjani mpaka chini ya mwembe ni mita 15, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 30. Kwa waya wa milimita 6 za mraba, ukiziunga paneli sambamba, zinakupa volti 18 na karibu ampea 18. Njiani unapoteza volti 1.6 hivi, sawa na asilimia 9. Ukiziunga kwa mfuatano, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, unapata volti 36 na ampea 9 tu, na unapoteza asilimia 2. Waya ni ule ule, paneli ni zile zile. Ila mfuatano unataka kontrola, kile kidude kinachokaa kati ya paneli na betri, iwe ya aina ya MPPT, inayojua kubadilisha volti nyingi kuwa ampea nyingi. Zile za bei rahisi za PWM zitazitupa volti zilizozidi. Na kontrola ina kikomo: paneli hizi mbili zikiwa wazi bila mzigo zinafika volti 44, basi nilichukua inayovumilia mpaka 100, ampea 30. Waya wenyewe nimeutundika kwenye miti mifupi usiguse chini, kwa ajili ya mbuzi na kwa ajili ya wachumaji wanaopita na magunia bila kuangalia miguu.

Ndani ya tela mambo ni machache. Betri iko chini ya kitanda upande usiopigwa na jua, kwenye sanduku lenye matundu, kwani joto ndilo adui wa betri ya aina yoyote. Nje tu ya nguzo yake ya chanya, kabla waya haujafika popote, kuna fyuzi ya ampea 40, waya milimita 10. Fyuzi hii watu huiruka kwa kuwa "ni volti 12 tu, haipigi mtu". Haipigi, lakini waya wa chanya na wa hasi zikigusana bila fyuzi, zinakuwa nyekundu kwa sekunde. Na breka ya nyumbani usiiweke hapa: umeme wa betri ukikatwa hutoa cheche isiyozimika upesi, na breka iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani inaweza kuendelea kuungua ndani kwa ndani. Tafuta iliyoandikwa DC. Wakati wa kuunga, betri huingia kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli hutoka kwanza.

Inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, sikuweka kubwa. Ninayo ndogo ya wati 300 kwa ajili ya kompyuta, na swichi yake inazimwa. Inveta kubwa ikiachwa wazi bila kazi inaweza kula wati 10 usiku na mchana, hizo ni wati-saa 240, karibu na feni zote mbili, kwa kazi ya kukaa tu. Taa, feni, redio, friji, chaja za simu, vyote vinapatikana vya volti 12. Kwa nini uubadilishe umeme kwenda 230 halafu chaja iurudishe kuwa 5?

Betri ya LiFePO4 ina tabia moja ya kumchanganya aliyezoea ya asidi. Ya asidi ukipima volti unajua ilipo: 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu. Hii ya lithiamu inasimama kwenye 13.2 au 13.3 karibu safari nzima, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Volti haikuambii kitu. Nunua mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Ni kidude kidogo, kinakaa kwenye waya wa hasi, na kinakupa asilimia kama simu. Kwetu ikishuka chini ya 30 kabla ya alfajiri, friji linazimwa, hakuna majadiliano. Siku za vuli, mvua ikishika tangu asubuhi, karafuu ziko ndani na sola zinapata mwanga wa wingu tu, friji huzimwa mapema zaidi na samaki hukaangwa wote.

Karafuu zikisha tunalipeleka tela Vumawimbi, watoto wapate bahari. Kule kazi ni chumvi. Boliti zote za nje nimetia za chuma cha pua, na vichwa vya betri na kila kiungo cha waya nimevipaka mafuta ya mgando. Paneli zinafutwa kwa kitambaa na maji baridi asubuhi, kabla kioo hakijapata moto. Ukitaka kujifunza ufundi wenyewe kwa mkono, Unguja, Kinyasini, kuna chuo cha Barefoot kinachofundisha kina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza sola za nyumbani, wengi wao bila skuli ya maana, na baadaye ndio mafundi wa vijiji vyao. Ninawataja kwa sababu kuna wanaume wengi huku wanaoniambia mambo haya yanataka injinia.

Hesabu yangu ya wati-saa 1,040 ilikaa sawa mpaka wachumaji walipojua. Mtu anashuka mtini, anapima pishi zake, anachukua hesabu yake, halafu anatoa simu mfukoni: "Yakhe, nichomekee." Simu ishirini ni wati-saa 300, yaani friji zaidi ya nusu. Nilitaka kuweka malipo kidogo, yanunue paneli ya tatu. Ami, yule yule wa taa ya chemni, akakataa katakata. Mchumaji asiye na simu yenye chaji hawezi kuitwa shambani kesho, akasema, na asiyeitwa anakwenda kuchuma kwa mwingine. Akatoa hukumu yake: simu bure, zichajiwe mchana saa nne mpaka saa nane jua likiwa kali na betri imeshaanza kujaa, usiku hakuna simu ya mgeni. Spika za muziki marufuku. Paneli ya tatu nitainunua mwenyewe, na itabidi niiunge kwa mfuatano na wenzake: volti 66 zikiwa wazi, bado chini ya 100, kontrola inazivumilia, ingawa wati 480 zinazidi kidogo ampea 30 ambazo kontrola inaweza kupeleka kwenye betri, na zilizozidi haitazichukua. Mchana wa mawingu sitalalamika.